Filimbi ya Kuitia Kulungu: Tazama Ulimi Kabla ya Kulipa

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji wanaowinda Minnesota na Wisconsin, majimbo ya Marekani, yanafanana mno: dume mzee wa kulungu wa mkia mweupe anapita mbali kidogo na ulingo, mwindaji anapuliza filimbi, na badala ya mkoromo mzito kama wa dume unatoka mluzi mwembamba, au haitoki sauti kabisa. Chanzo ni ulimi, yaani kibamba chembamba cha plastiki kinachotetemeka ndani ya filimbi. Pumzi ya mtu ina unyevu, na alfajiri ya Novemba, madume wanapohangaika kutafuta majike na baridi imeshuka chini ya sifuri, unyevu huo huganda juu ya ulimi na kuunatisha. Kulungu mchanga huenda akaja hata hivyo. Dume aliyefikisha miaka minne au mitano ni mwenye hadhari: mara nyingi huzunguka kwanza mpaka upepo umletee harufu ya aliyeita, na sauti mbovu humfukuza kabla hajaanza hata kuzunguka.

Kwa hiyo, katika kuzipanga filimbi hizi kwa ubora, rangi na urefu wa mrija nimeviacha. Ninachopima ni mahali pumzi inapopita.

Nafasi ya kwanza naipa The Can ya Primos, wala sifichi kwamba naipendelea kampuni hii iliyoanzishwa Mississippi. Ni kikopo ambacho unaziba tundu lake kwa kidole, ukakipindua, nacho kikatoa mlio wa jike aliye tayari kupandwa. Kwa kuwa hakiguswi na mdomo, hakuna pumzi ya kuganda ndani yake. Kinahitaji mwenzake wa kukoroma, na hapo ndipo inapoingia nafasi ya pili: filimbi ya kuvuta, yaani unayovuta hewa badala ya kupuliza, ambayo hupitisha hewa kavu ya nje juu ya ulimi kabla haijafika kinywani. Inataka mazoezi mengi nyumbani, lakini mlio wa jike ukifuatwa na mkoromo mfupi ndio mwito ninaouamini kuliko mingine yote katika majuma ya kupandana.

Ya tatu ni Extinguisher ya kampuni ya Illusion, yenye kitelezi cha kubadili sauti ya dume, jike na mtoto. Hiyo hupulizwa, basi iwekwe ndani ya koti, karibu na kifua. Zile za bei ya chini kabisa, zisizoweza kurekebishwa sauti, zipite.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Pakiti hupambwa kwa picha ya dume mwenye pembe kubwa, ikafungwa kwa plastiki ngumu ili mteja asiijaribu, na mara nyingi hakuna mstari hata mmoja unaosema kama filimbi ni ya kuvuta au ya kupuliza. Baya zaidi, vifaa vya kielektroniki vya kuitia wanyama hupangwa rafu hiyo hiyo bila onyo lolote, ilhali majimbo mengi ya Marekani yanakataza kuvitumia kwa kulungu, na anayetozwa faini ni mnunuzi.