Ofisi ya wakili wa mirathi, Majengo, Dodoma

Baada ya msiba wa baba, kikao cha ukoo kilinipendekeza kuwa msimamizi wa mirathi, nami nikapeleka makaratasi katika ofisi ndogo ya wakili iliyo karibu na Soko la Majengo. Karani wake, mama mtu mzima asiye na papara, aligundua kwamba kibali cha mazishi kiliandikwa "Ramadhan" ilhali kitambulisho cha taifa cha NIDA kinasoma "Ramadhani", tofauti ambayo, isiporekebishwa kabla ya RITA (wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo) kutoa cheti cha kifo, huweza kukwamisha shauri Mahakama ya Mwanzo na baadaye malipo benki. Gharama zao ni za kuridhisha, ingawa stakabadhi hutolewa ukiidai tu. Foleni ya benki, hata hivyo, utaipanga mwenyewe. Kazi hiyo hawaifanyi.