Kinga ya mbu Nyanda za Juu Kusini: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Mtu wa Makete ukimwuliza habari za mbu mwezi wa saba atakucheka. Kalala na mablanketi mawili, mbu atoke wapi? Ndiyo maana huku kwetu wengi wakijenga au wakihamia nyumba mpya, chandarua hakimo kwenye bajeti. Shida ni kwamba Nyanda za Juu hazina hali ya hewa moja. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kyela ni karibu mita 500, na kosta inakushusha huko kabla jua halijazama. Mbarali kuna mpunga, Pawaga na Idodi kuna mpunga, na penye majaruba mbu hakosi.

Vimelea vya malaria vinashindwa kukomaa ndani ya mbu baridi ikizidi, hasa joto likiwa chini ya nyuzi 16 hivi. Kwa hiyo Njombe na Iringa ziko miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini. Lakini mwili uliokulia kwenye baridi haujajenga kinga. Mtu wa Njombe akishuka Kyela kuvuna mpunga, malaria ikimpata humlaza vibaya kuliko mwenyeji. Halafu kuna wale mbu wanaolia sikioni usiku kucha, wanaozaliana kwenye mashimo ya vyoo na mitaro michafu. Hao wa malaria siyo, ila ndio wanaoeneza matende na mabusha, na usingizi wanaukata vilevile.

Nimepanga vitu hivi kwa kuangalia kitu kimoja: shilingi unayotoa leo itakulinda kwa muda gani ukiwa umelala.

Nafasi ya kwanza ni chandarua chenye dawa, na sioni kinachokaribia. Chandarua cha dawa ya muda mrefu kimetengenezwa kihimili kufuliwa mara 20 na kutumika miaka mitatu. Dawa iliyozoeleka ni ya jamii ya pairethroidi, iliyobuniwa kwa kuiga sumu iliyomo kwenye ua la pareto, pareto hii hii inayolimwa Umalila na Uporoto na kusindikwa Mafinga. Mbu wa sehemu nyingi wameshaizoea dawa hiyo, kwa hiyo ukipata chandarua kilichoongezewa PBO, kiungo kinachomvunja mbu huo uzoefu ili dawa imuue, au chenye dawa ya pili iitwayo klofenapiri, chukua hicho. Majaribio yaliyofanyika Misungwi, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa watoto waliolalia chandarua cha klofenapiri walipata malaria kidogo kuliko waliolalia cha pairethroidi peke yake.

Sasa twende Mwanjelwa, sokoni Mbeya mjini. Vyandarua vingi unavyoviona vimening'inia pale, vya duara, vyenye marinda na lesi ya pinki, havina dawa yoyote. Ukiuliza, "Kaka, hiki kina dawa?" utajibiwa, "Kina dawa, mama, kipya kabisa." Mwambie akuonyeshe lebo iliyoshonwa kwenye pindo, isome jina la dawa. Hakuna lebo, hakuna dawa. Si kwamba hakifai kabisa. Kisichokuwa na dawa kinazuia mbu mradi hakina tundu na mwili haukigusi. Hapo ndipo vya duara vinapoangukia pua: juu vimebanwa, chini vinakuja karibu na uso, na mbu anakuuma huku amesimama nje. Cha pembe nne kinakaa mbali na mwili. Kitanda cha tano kwa sita kinunulie chandarua cha sita kwa sita, upate kitambaa cha kuchomeka chini ya godoro pande zote.

Kabla hujalipa, kinyanyue kuelekea mwanga, kivute kidogo kwa vidole viwili kwenye mshono wa paa. Mshono ukifunguka pale dukani, nyumbani hautamaliza mwezi. Ukikutana na chandarua chenye maandishi kwamba ni mali ya serikali na hakiuzwi, achana nacho; vile hutolewa bure kliniki kwa mjamzito na kwa mtoto anapokwenda chanjo ya surua, na aliyekileta sokoni kamnyima mtu. Kipya chenye dawa kitundike kivulini siku nzima kabla ya kukilalia. Ukifua, tumia sabuni ya kipande na maji baridi, uanike kivulini, na maji yake usiyamwage mtoni, yanaua samaki.

Nafasi ya pili ni waya wa mbu madirishani. Ni gharama ya mara moja na inalinda nyumba nzima, hata wageni. Wa chuma cha kawaida huota kutu. Wa aluminiamu au wa nyuzi za plastiki unadumu zaidi. Matundu yake kidole kisihisi nafasi: usikubali fundi akufungie waya wa kuku eti ni kitu kilekile. Mwambie aufunge kwenye fremu inayofunguka, kwa sababu vumbi la Mbeya la mwezi wa tisa litauziba na utahitaji kuutoa kuuosha. Na kama nyumba haina dari, angalia uwazi kati ya ukuta na bati. Mbu wa malaria hupenda kupita hapo, na waya wa dirishani haumhusu.

Ya tatu ni mifuniko. Simtanki, pipa, ndoo ya akiba: yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili, kwenye baridi huchelewa zaidi. Chombo kisicho na mfuniko mwage kila wiki ukisugue. Tairi chakavu uani toboa au ondoa. Kwa choo cha shimo chenye maji, kuna ufundi wa kumwaga chembe za povu jeupe la plastiki zikaelea na kuwakosesha hewa viluwiluwi. Ulijaribiwa Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980 na ulifanya kazi vizuri. Kuna pia dawa ya kibaiolojia ya kuua viluwiluwi inayotengenezwa Kibaha. Kuipata duka la kawaida ni kazi, uliza kwa bwana afya.

Mafuta ya kujipaka nayaweka ya nne, ila kwa mlinzi wa usiku au mama lishe wa stendi ndiyo ya kwanza, maana chandarua hakitembei. Soma kwenye chupa kiasi cha DEET, dawa yenyewe inayofukuza mbu: asilimia 10 hukaa saa mbili hivi, asilimia 30 karibu saa tano. Mtoto wa chini ya miezi miwili usimpake.

Koili za kuchoma ndizo zinazonunuliwa zaidi na ndizo zinazokula hela kimyakimya. Kipande kimoja ni usiku mmoja, pakiti ya vipande 10 ni siku 10. Kwa miaka mitatu, muda wa chandarua kimoja, utakuwa umenunua zaidi ya pakiti 100. Zidisha kwa bei ya duka la mtaani kwako uone. Na moshi wake si mchezo: utafiti wa mwaka 2003 ulikuta koili moja inatoa chembechembe laini sawa na za sigara 75 hadi 137. Huku kwetu tunafunga madirisha kwa sababu ya baridi, pengine na jiko la mkaa limo ndani. Ichome barazani jioni, siyo chumbani. Dawa ya kopo ya kupuliza inafaa kusafisha chumba kabla ya kulala, ukifunga mlango na kusubiri nje kama maelekezo ya kopo yanavyosema. Haikulindi saa tisa usiku. Raketi ya umeme inafurahisha watoto.

Vile vidude vya kuchomeka kwenye soketi vinavyodai kufukuza mbu kwa mlio usiosikika, pamoja na programu za simu za aina hiyo, viache. Mapitio ya majaribio 10 yaliyochapishwa mwaka 2007 hayakuona tofauti yoyote: mbu walitua kwa watu kama kawaida, kidude kikiwa kimewashwa au kimezimwa.