PhET darasani: safi sana kwa umeme, ila ammita usiitupe

Kwa mwalimu wa fizikia mwenye darasa lililofurika na ammita (vipima mkondo wa umeme) mbili tu zinazofanya kazi, PhET, yaani majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kompyuta, ni mkombozi, tena ni ya bure. Nafundisha shule ya kata huku Bahi, na mada ya umeme siku hizi siigusi bila hiyo.

Imetengenezwa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Mwanzilishi wake ni Carl Wieman, aliyepata Nobeli ya fizikia mwaka 2001 na kuanzisha mradi huu mwaka uliofuata. Sawa, ila kilichonivuta mimi ni kwamba jaribio ukishalipakua, unalifungua kwenye kivinjari bila bando. Napakulia Dodoma mjini, nawagawia wenzangu kwa flashi, basi.

Ninalolipenda kuliko yote ni Circuit Construction Kit: DC. Unavuta betri, waya, swichi na balbu, ukiunganisha tu elektroni zinaanza kutembea kwenye waya, vidoti vya bluu. Sasa, wanafunzi wengi wanaamini balbu ya kwanza inakula umeme, ya pili inapata makombo. Niliunga balbu mbili kwa mfuatano, nikawaambia waangalie vidoti kabla na baada ya kila balbu. Nyuma huko mmoja akapiga kelele, "Ticha, havipungui!" Miaka yote nimechora mishale ubaoni na sijawahi kupata kelele kama ile. Ukipiga shoti betri inawaka moto, darasa zima linacheka. Kuna na mbwa, na noti ya dola, vya kupima kama vinapitisha umeme. Mbwa wamemwelewa; dola waliniuliza kwa nini isiwe elfu kumi ya kwetu.

Lawama yangu ni hii: ammita yake haina sindano. Inakupa namba safi. Weka betri ya 3 V na rezista ya 10 Ω, inasoma 0.30 A, kila siku, bila kuyumba. Maabara yetu haiko hivyo. Klipu zina kutu, betri za tochi zimechoka, sindano haianzii sifuri. Mwanafunzi aliyezoea skrini peke yake akisoma 0.26 anadhani kaharibu, na wajanja wanapika data, wanaandika 0.30 na kutulia. Kwenye mtihani wa vitendo hiyo ni hatari. Kuna sehemu ya kuongeza ukinzani wa waya na wa ndani ya betri, inasaidia kiasi, lakini kusoma sindano haifundishi.

Kiingereza chake hakinisumbui, sekondari tunafundisha kwa lugha hiyo hiyo. Kinachosumbua ni projekta. Madirisha yetu hayana mapazia, na ikifika saa nne jua la huku linafuta kila kitu kwenye shuka tuliyotundika ukutani. Nimeomba kipindi cha kwanza asubuhi. Umeme ukikatika, wanafunzi wanazunguka laptopu kwa makundi.

Utaratibu wangu: leo PhET, kesho saketi ileile mezani kwa vifaa halisi, majibu yakae safu mbili kwenye daftari, halafu waeleze kwa nini hayalingani.

Nyota nne. Ya tano nitawapa wakiweka ammita ya sindano, iliyopinda kidogo.