VPN ya kazini nikiwa Kigoma: miezi minane ya kuunganisha na kukatika

Naandika hesabu za kampuni ya Dar es Salaam nikiwa nyumbani Mwanga, na mafaili yote yako kwenye seva ya ofisi. Bila VPN, ile njia ya siri ndani ya intaneti inayoniunganisha na seva hiyo, sina kazi. (Ofisi ndiyo iliyoisajili kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama ilivyotakiwa mwaka 2023.)

Kilichonitesa zaidi kilianzia Kagunga, kijiji cha mpakani na Burundi, nilikokwenda msibani kwa boti ya Kibirizi. Simu ikadaka mnara wa Burundi, saa ikarudi nyuma saa nzima, maana wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja. Nikaisogeza mbele kwa mkono, basi. Kuanzia hapo kila nikiingiza zile tarakimu sita za uthibitisho ambazo simu hunipa ili niingie kwenye VPN: "namba si sahihi". Nikabadili nywila, nikafuta programu nikaipakua upya, nikampigia kijana wa IT mpaka nikaona haya. Kumbe namba zile hutengenezwa kwa kufuata saa ya simu, na hubadilika kila sekunde 30. Simu ilijua bado iko Burundi, mimi nimeipa saa ya Tanzania, hivyo kwa hesabu zake ilikuwa saa nzima mbele ya dunia. Nikawasha saa ijipange yenyewe, nikachagua majira ya Dar es Salaam, mlango ukafunguka.

Kuna siku nyingine inaandika "Imeunganishwa" lakini faili halifunguki, meseji fupi tu ndizo zinapita. VPN hufunga kila pakiti ya data ndani ya nyingine, ikinenepa kupita kiasi inakwama njiani kama gunia la dagaa mlangoni. Kijana wa IT alishusha MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, hadi baiti 1280, nikasahau tatizo.

Kwenye waifai ya gesti moja WireGuard, aina ya VPN ninayotumia, ilikataa kabisa, kwa sababu inasafirisha data kwa njia iitwayo UDP na pale imezibwa. Nikahamia OpenVPN, aina nyingine, kwa njia ya TCP na mlango (port) namba 443, uleule wa tovuti salama, za https. Polepole, lakini ilifika.

Lalamiko langu ni ile swichi inayokata intaneti yote VPN ikianguka. Wiki ya kwanza nilinunua bando mara mbili nikidhani limeisha!

Naipa nyota tatu. Ya nne wangeipata kama ujumbe wa kosa ungesema tu: "Mama, angalia saa yako."