Manaus kwa siku moja ya meli: kipi ulipie, kipi ukiache

Watazamaji wangu, habari za saa hizi. Leo naichambua Manaus, mji mkuu wa jimbo la Amazonas kule Brazil, na naichambua kwa jicho la abiria wa meli ya kitalii: mtu anayeshuka asubuhi na jioni anatakiwa awe amerudi melini. Wengi mmeniuliza kama kituo hiki kina thamani ya pesa zake, hasa nyie mnaofanya kazi kwenye hizi meli na mnapata saa chache tu za mapumziko, na nyie mlioko Marekani na Ulaya mnaotaka kuwapandisha wazazi safari ya Amazon.

Natoa hukumu mapema. Kituo kina thamani, tena kubwa. Tatizo ni matembezi yanayouzwa melini. Mengi yanakuchukua gatini, yanakupakia kwenye boti, yanakuzungusha mtoni na msituni kutwa nzima, halafu yanakurudisha umechoka, jua linazama, na mji wenyewe hujaukanyaga. Unarudi nyumbani unasema umefika Manaus, kumbe umefika gatini. Ushauri wangu: asubuhi upe mto, mchana upe mji. Nunua ziara fupi ya mtoni, ya nusu siku, na ukikuta ya kutwa inayojumuisha kila kitu, iache.

Sasa tuanze na kufika kwenyewe. Manaus iko kama kilomita 1,500 kutoka baharini, katikati ya msitu, na meli kubwa ya baharini inapanda mto mpaka pale. Ni mji wa watu zaidi ya milioni mbili. Barabara ya kuaminika ya kwenda kusini mwa Brazil hakuna: ile ya kwenda Porto Velho ilifunguliwa miaka ya 1970 ikaharibika, na mvua zikianza sehemu zake zinakuwa tope tupu. Kwa hiyo watu wanakwenda kwa ndege au kwa mto. Ukishuka, tazama boti za ghorofa mbili tatu zilizojipanga pembeni, abiria wamening'iniza vitanda vya kitambaa ubavu kwa ubavu. Hizo zinakwenda Belém, karibu na bahari, safari ya siku kadhaa. Ndugu zetu wa Kisangani wakiona picha hizi hawatashangaa. Mji wa mto ndani ya msitu wanaujua.

Gati lenyewe ni la kutazamwa. Linaelea. Waingereza walilijenga mwanzoni mwa karne ya 20, kwa sababu mto huu hautulii: kati ya kiangazi na masika maji hupanda na kushuka mita kumi na zaidi. Pale bandarini kuna ukuta ulioandikwa vimo vya mafuriko mwaka kwa mwaka, hebu tazameni hapa. Juni 2021 maji yalifika mita 30.02, kimo cha juu kuliko vyote tangu waanze kupima mwaka 1902, na mitaa ya katikati ya mji ikafunikwa. Oktoba 2023 yakashuka hadi mita 12.70, ya chini kuliko yote hadi hapo, na mwaka uliofuata, 2024, yakashuka zaidi ya hapo. Vijiji vya kandokando vilibaki kwenye nchi kavu, boti zimekaa juu ya mchanga, watu wanatembea kwa miguu kutafuta maji ya kunywa katikati ya bonde la mto wenye maji mengi kuliko yote duniani. Simameni kwenye ukuta huo dakika chache kabla ya kukimbilia boti. Mimi naona ndio mahali pa kwanza pa kuuelewa mji huu, na hapalipiwi.

Haya, mtoni. Kitu cha kulipia bila kusita ni Encontro das Águas, makutano ya maji. Manaus imekaa ukingoni mwa Rio Negro. Ukishuka kidogo kwa boti unakutana na mto wa pili, ambao Wabrazili wanauita Solimões. Kuanzia hapo ndipo wanauita Amazonas. Rio Negro una maji meusi kama chai ya rangi iliyokolea. Solimões una maji ya kahawia, mazito kwa udongo uliotoka milima ya Andes. Mito hii miwili inakwenda sambamba kwa kilomita kama sita, kila mmoja na upande wake, bila kuchanganyika. Mnaona huo mstari? Sijaugusa kwa programu yoyote ya kuhariri picha. Ndivyo ulivyo.

Sababu yake inaeleweka vizuri. Rio Negro unatiririka polepole, kama kilomita mbili kwa saa, na maji yake yana joto la nyuzi 28 hivi. Solimões una kasi mara mbili au tatu ya huo, ni wa baridi zaidi, kama nyuzi 22, na ni mzito kwa ule udongo. Mwendo tofauti, joto tofauti, uzito tofauti: hayakubali kuchanganyika upesi. Mwombe nahodha apunguze mwendo na uingize mkono majini wakati boti inavuka mstari. Unalihisi badiliko la joto kwenye vidole. Hili ni jambo ambalo boti kubwa ya abiria mia haikupi, kwa sababu uko juu mno. Ndiyo maana nasema chukua boti ndogo.

Na weusi wa Rio Negro unatokana na majani yanayooza msituni na kuachia rangi yake. Maji hayo yana tindikali, viluwiluwi vya mbu havistawi humo, ndiyo maana upande huu mbu ni wachache kuliko watu wanavyotarajia Amazon. Wachache, sijasema hawapo. Jipake dawa, vaa mikono mirefu, na kama unalala msituni, muone daktari kuhusu malaria kabla hujaondoka.

Ziara nyingi zinaunganisha makutano na ziwa Janauari, kuona yungiyungi wakubwa, yale majani ya mviringo yenye kingo zilizokunjwa juu. Yapendeza, ila wakati maji yamepungua sana utakuta machache, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kuna nyumba zinazoelea ambako boti husimama, na watoto au watu wazima wanakuja na mnyama mkononi: slothi, yule mnyama wa mitini mwenye mwendo wa polepole sana, chatu wa majini anayeitwa anakonda, wakati mwingine mtoto wa mamba. Unamshika, unapigwa picha, unatoa pesa. Usifanye. Mnyama huyo ametolewa msituni, anashikwa na mikono ya wageni kutoka asubuhi hadi jioni, na slothi ni kiumbe anayeishi kwa utulivu. Mguso wa watu wengi unamtesa hata kama uso wake unaonekana unatabasamu. Ukinunua ziara, uliza waziwazi: mnasimama kwenye nyumba za wanyama? Wakisema ndiyo, tafuta wengine. Ukitaka kumwona mnyama wa mto kwa amani, mjini kuna Bosque da Ciência, bustani ya taasisi ya utafiti wa Amazon iitwayo INPA, ambako wanatunza nguva wa mtoni, wengi wao wakiwa yatima wa uwindaji. Nguva yule yule tunayemjua kwa hadithi za pwani ana ndugu anayeishi kwenye maji matamu, anakula majani, na unamwona kupitia kioo.

Saa sita mchana rudi mjini. Usirudi melini kula. Najua chakula cha melini umeshakilipia, lakini nisikilize.

Kutoka gatini unatembea kidogo tu kandokando ya mto unafika Mercado Adolpho Lisboa, soko la chuma lililofunguliwa mwaka 1883, mtindo wake umefuata lile soko kuu la zamani la Paris. Upande wa samaki utawapata tambaqui, mwenye mbavu nene zinazochomwa kwenye mkaa, na pirarucu, ambaye anaweza kuzidi mita mbili na hukaushwa kwa chumvi karibu kama ng'onda wetu. Kula mbavu za tambaqui. Zinakuja na wali, maharage na unga wa muhogo uliokaangwa mkavu, wenye punje za manjano, unaonyunyiziwa juu ya kila kitu.

Huo muhogo ndio unaonigusa. Zao hili asili yake ni Amerika ya Kusini, Wareno wakalivusha bahari hadi Afrika, na leo sisi tunaliona la kwetu kabisa: la kukaanga, la nazi, bada, kisamvu. Kule kwao wamefika mbali nalo kuliko sisi. Wanakamua muhogo mchungu, ule wenye sumu, wanapata maji ya manjano wanayoyaita tucupi, wanayachemsha muda mrefu mpaka sumu itoke. Kisha jioni, mtaani, mama muuzaji anakumiminia kwenye kibuyu: tucupi ya moto, uji mzito wa wanga wa muhogo, uduvi mkavu, na majani ya jambu yanayotia ganzi midomo. Hiyo ndiyo tacacá. Mara ya kwanza ulimi utashtuka, kuna ukali, kuna chumvi, halafu ganzi inapanda taratibu. Mtu aliyekulia pwani na uduvi ataielewa kabla ya Mzungu aliyekaa naye meza moja melini. Kwangu mimi, kibuyu hicho kimoja kinashinda chakula chochote cha jioni kwenye meli.

Asubuhi kuna mkate wa x-caboquinho: nyama ya tunda la mti wa jamii ya mchikichi, liitwalo tucumã, jibini na ndizi ya kukaanga. Ukiuona, nunua.

Kutoka sokoni panda mlima kidogo, kama dakika ishirini kwa miguu, polepole maana joto ni la kushika ukuta, mpaka Largo de São Sebastião. Uwanja wake umetandazwa mawe meusi na meupe kwa mawimbi, na katikati kuna mnara wenye meli nne zinazowakilisha mabara, Afrika ikiwemo. Na mbele yako ni Teatro Amazonas, jumba la opera.

Jumba hili lilizinduliwa tarehe 31 Desemba 1896. Kuba lake lina vigae 36,000 vya rangi ya bendera ya Brazil. Marumaru kutoka Italia, chuma kutoka Glasgow, taa za kioo kutoka Murano, vyote vimevushwa bahari na kupandishwa mto. Lipia ziara ya ndani, haina gharama ya kutisha. Ukikaa ukumbini, inua macho: dari limechorwa uone kama umesimama chini ya mnara wa Eiffel. Pazia la jukwaa lina mchoro wa yale makutano ya maji uliyoyaona asubuhi, ndiyo sababu nyingine ya kuanza na mto. Mwongoza wageni atakueleza pia habari za gavana aliyelisukuma jengo hili mpaka likasimama, Eduardo Ribeiro. Alikuwa mtu mweusi, mwaka 1892, katika nchi iliyokuwa imefuta utumwa miaka minne tu kabla. Jina lake lishikeni.

Lakini kuna jambo ambalo ziara hupita juu juu, nami siwezi kulipita. Pesa ya jumba hili ni ya mpira. Miaka ile dunia nzima ilikuwa inataka mpira, na utomvu wake ulitoka huku. Wagema walikuwa watu maskini, wengi wamekimbia ukame mkubwa wa 1877 huko Ceará, wanakopeshwa chakula na panga na tajiri, na deni haliishi hadi mtu anakufa. Kwa wenyeji wa asili ilikuwa mbaya zaidi. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza aliyeandika ripoti ya 1904 kuhusu ukatili wa mpira Kongo chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, alitumwa mwaka 1910 huku Amazon, kwenye mto Putumayo, akakuta mijeledi ile ile na mauaji yale yale. Mtu mmoja, mabara mawili, bidhaa moja. Kwa msikilizaji wangu wa Kongo, ukumbi ule hauwezi kuwa urembo tu.

Na utajiri wenyewe ulikatika ghafla. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alisafirisha mbegu kama 70,000 za mpira kwenda bustani ya mimea ya Kew, London; miche ikapelekwa Asia, mashamba ya huko yakazalisha kwa bei nafuu, na kufikia 1912 hivi Manaus ikaanguka. Jumba la opera likanyamaza kwa miaka mingi. Leo linaimba tena: tamasha la opera hufanyika kila mwaka, kwa kawaida kuanzia Aprili, na meli yako ikiangukia siku zake, ulizia tiketi mapema.

Daraja la Rio Negro, uwanja wa Kombe la Dunia la 2014, ufukwe wa Ponta Negra: kwa siku moja viache. Meli ikilala, asubuhi ya pili nenda MUSA, makumbusho ya Amazon yaliyo pembezoni mwa mji, upande mnara wa mita 42 na utazame msitu kwa juu.

Mambo ya mfukoni. Kadi za benki zinapokelewa karibu kila mahali, ila kwa boti ndogo na tacacá uwe na reali mkononi. Soko hufungwa mapema Jumapili. Simu na mkufu usivitembeze ovyo karibu na bandari.

Na la lazima: chanjo ya homa ya manjano, angalau siku kumi kabla ya safari. Ukirudi Tanzania au Kenya kutoka Brazil utaulizwa kadi, na tangu 2016 chanjo moja inatambuliwa maisha yako yote. Kadi iweke pamoja na pasipoti, usiifungie kwenye sanduku.