Eksteno mbili za bei ya kawaida: miaka miwili ya kulinda kazi za steshenari yangu

Nina steshenari Morogoro, hatua chache kutoka chuo. Kazi zangu unazijua: kutaipu barua, kuskani vyeti, kupanga na kubaindi tasnifu za wanachuo msimu wa risechi ukifika, na kuchapa mitihani ya shule mbili tatu za sekondari. Faili zote nilizojikusanyia kwa miaka tisa hazifiki GB 120. Naanza na tarakimu hiyo kwa sababu ndiyo iliyonifanya ninunue eksteno, yaani diski za nje za kuhifadhia nakala za faili, kinyume na nilivyoshauriwa dukani.

Lakini kwanza nieleze nilivyoumia. Mwaka 2023, kijana wangu msaidizi alishusha programu ya kuhariri picha, toleo lililovunjwa ili litumike bure. Alipoifungua likatokea dirisha linalofanana kabisa na la Windows ikijisasisha, naye akaona ni kawaida, akaenda kunywa chai. Aliporudi kila faili lilikuwa limeota mkia wa herufi nne mwishoni mwa jina na halifunguki tena, na kila folda ina kikaratasi kiitwacho _readme.txt: lipa dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 utalipa 490. Kwa hela yetu hiyo nusu bei peke yake ilikuwa zaidi ya milioni moja. Kirusi hicho jamii yake inaitwa STOP, wengine Djvu, na kinapenda sana kujificha ndani ya programu za kuvunjwa.

Nikasema haina shida, nina bakapu, nakala ya akiba. Ninayo eksteno nyuma ya kompyuta, imechomekwa tangu Januari, inakopi yenyewe kila siku. Nilipoifungua nikakuta mikia ile ile. Kwa kompyuta, eksteno iliyochomekwa ni diski nyingine tu yenye herufi yake, na kirusi hakibagui C ya ndani na E ya nje. Fundi aliokoa video chache kubwa, maana kirusi hiki hufunga kipande cha mwanzo tu cha faili. Faili la Word lenyewe ni dogo, mwanzo ndiyo lote, likafungwa lote. Tukajaribu programu ya bure ya Emsisoft, ambayo hufungua baadhi ya matoleo, ikajibu kwamba ufunguo uliofunga faili zangu ni wa mtandaoni, yaani wanao wahalifu wenyewe, na haiwezi.

Jumatatu asubuhi akaja mwalimu kuchukua mtihani wa muhula wa kidato cha pili.

"Dada, si ulisema unaweka bakapu?"

"Niliweka, mwalimu. Nayo imekwenda."

Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa kuku amekula paka. Tukakaa naye kutaipu upya mpaka saa nne usiku, yeye anasoma kutoka kwenye daftari, mimi naandika. Sikumtoza hata senti.

Basi nikaenda kununua. Muuzaji wa duka la kwanza akanisukumia SSD, diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka, Samsung T7 Shield ya TB 1 (kama GB 1,000). Sitaisema vibaya, ni kitu kizuri: gramu 98, imevikwa mpira, husoma mpaka MB 1,050 kwa sekunde, na kampuni inasema inavumilia kuanguka mita tatu. Ningekuwa napiga video za harusi ningeibeba siku ile ile. Ila kompyuta yangu ya kaunta ina matundu mawili tu ya USB 3, yale yenye ulimi wa buluu, na hayafiki hata nusu ya kasi hiyo. Mengine yote ni meusi, USB 2, ambayo hujikokota kwenye MB 35 hivi kwa sekunde. Kununua kasi ambayo mashine yako haiwezi kuipokea ni kama kufunga bomba la inchi nne kwenye tangi lenye koki ya nusu inchi. Na kwa hela ya SSD moja, mimi nilikuwa napata diski mbili za kawaida zenye ukubwa ule ule. Msiba wangu ulitokana na kuwa na bakapu moja, iliyokaa mahali pamoja na mgonjwa. Kasi haikuhusika popote. Nikachukua mbili.

Kabla ya kulipa nilifanya jambo ambalo wauzaji hawalipendi. Nilienda na laptopu yangu yenye CrystalDiskInfo, programu ndogo ya bure inayosoma hali ya diski. Humo kuna mstari unaoitwa Power On Hours, yaani saa ambazo diski imewaka tangu izaliwe. Diski mpya inatakiwa ionyeshe sifuri au saa chache. Katika duka la pili nilitolewa eksteno iko kwenye boksi, nailoni yake imebana vizuri, na ikasoma saa zaidi ya elfu nane. Hiyo ni karibu mwaka mzima wa kuwaka usiku na mchana. Nikamwonyesha muuzaji, akasema "labda kiwandani waliijaribu." Nikacheka, nikaaga. Tazama pia mstari wa Reallocated Sectors: ukianza kupanda, diski inahamisha data kutoka kwenye sehemu zilizokufa, nawe anza kuhama.

Niliishia na Transcend StoreJet 25M3 ya TB 1 na WD Elements ya TB 1, kwa takriban shilingi laki moja na nusu kila moja. Kampuni mbili tofauti ni kwa makusudi. Diski mbili za aina moja, zilizotoka kiwandani siku moja na kutumika sawasawa, zinaweza kuchoka kwa pamoja.

Nyumbani nilizipitisha kwenye H2testw. Programu hii ya Kijerumani huijaza diski data mpaka pomoni, kisha huisoma yote kuhakikisha kilichoandikwa ndicho kilichopo. Kwenye tundu la buluu ilichukua muda wa karibu saa sita kwa kila diski, kwa hiyo nikaacha usiku. Ni usumbufu, lakini nimeona kwa macho yangu wanachoepuka wanaojaribu. Mteja wangu mmoja alinunua barabarani "SSD ya TB 16" kwa shilingi elfu arobaini. Windows ilionyesha kweli TB 16. Picha zake za kwanza zilifunguka, zilizofuata zikawa kijivu nusu, na zilizobaki hazikufunguka kabisa. Tulipopasua kasha tukakuta memori kadi imebandikwa kwa gundi. Ubongo wake umefundishwa kudanganya ukubwa, na ikijaa inaandika juu ya vya zamani bila kusema neno. Hakuna TB 16 ya elfu arobaini popote duniani, ndugu yangu.

Usishtuke hata hivyo ukiona TB 1 halali inasomeka GB 931. Hujaibiwa. Kampuni huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024.

Kuhusu fomati, yaani mpangilio ambao diski hutumia kuweka faili, sitakuchosha. Mashine zangu zote ni Windows, nikachagua NTFS, kwa sababu huweka kumbukumbu ya inachokifanya, na umeme ukikatika katikati ya kukopi huwa na nafuu ya kujirekebisha. Huku kwetu hilo si jambo dogo. Anayehamahama kati ya Windows na Mac afadhali exFAT, kwa kuwa Mac husoma NTFS lakini haiandiki juu yake mpaka uiongezee programu. FAT32 iache kwenye flashi za redio. Faili linalofika GB 4 halikubali.

Utaratibu wenyewe ndio huu. Transcend inakaa dukani kwenye droo, haijachomekwa. Saa kumi na mbili jioni, mteja wa mwisho akishaondoka, naichomeka, nakopi, naitoa kwa kufuata ile hatua ya kuitoa salama, naifungia. WD iko nyumbani kabatini. Jumapili zinabadilishana zamu. Moto ukiunguza duka, au mwizi akibeba kila kitu, nitapoteza kazi za wiki moja tu. Mpiga picha wa Kimarekani Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja iwe mbali. Mimi kwenye aina mbili nachechemea. Tasnifu zinazoendelea kuandikwa nazipandisha Google, zile GB 15 za bure, na bando likiisha napumzika.

Kukopi natumia FreeFileSync, programu ya kulinganisha folda na kukopi vilivyobadilika. Hapa nilifanya kosa langu la pili. Nilichagua Mirror, nikidhani ndiyo kamili zaidi. Mirror huifanya eksteno ifanane na kompyuta kwa kila kitu, pamoja na vilivyofutwa. Msaidizi akafuta folda ya kamati ya harusi akidhani imeisha kazi, jioni nikakopi, na eksteno nayo ikaifuta kwa utiifu mkubwa. Niliikuta kwenye ile diski ya nyumbani, ambayo ilikuwa bado haijabadilishana zamu. Tangu siku hiyo natumia Update, ambayo huongeza vipya bila kufuta, na nimewasha sehemu inayohifadhi matoleo ya zamani ya faili. Inakula nafasi. Kwa GB 120 ndani ya TB 1, acha ijilie tu.

Lingine ambalo watu wa steshenari tunalidharau: tunashika siri za watu. Vitambulisho vya taifa, vyeti, mitihani ambayo bado haijafanyika. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi nchini, lakini hata bila sheria, mtihani ukivuja kutoka kwenye droo yangu nitajificha wapi? BitLocker, kifungio cha Windows chenyewe, kwenye Windows Home haikunipa njia ya kufunga diski kwa neno la siri, nikatumia VeraCrypt, programu ya kazi hiyo hiyo. Mwanzoni nilifunga diski nzima. Kumbe diski ya namna hiyo ukiichomeka, Windows haiitambui, inakuuliza kama uifomati. Fikiria msaidizi yule yule na swali lile. Nikabadili, nikatengeneza faili moja kubwa lililofungwa ndani ya diski ya kawaida, kama sanduku ndani ya chumba, na yote yanaingia humo. Neno la siri nimeliandika kwenye karatasi, iko mahali ambapo sitapataja hapa. Ukilisahau hakuna fundi wa kukusaidia.

Na eksteno hizi hazijawahi kuguswa na flashi ya mteja. Kuna kompyuta kuukuu pembeni kwa ajili ya flashi za wateja tu, maana kile kirusi cha shotikati, kinachoficha folda na kuacha vivuli vyake, bado kipo mtaani kama mafua. Amri ya attrib, inayorudisha folda zilizofichwa, naijua kwa kichwa kuliko namba ya simu ya mume wangu.

Sasa baada ya miaka miwili, nasemaje? Hazina haraka. Mara ya kwanza kukopi ilichukua zaidi ya saa nzima, kwa sababu vyeti vilivyoskaniwa ni maelfu ya faili vidogo, na diski inayozunguka haipendi vidogovidogo. Siku hizi jioni ni dakika mbili au tatu. Transcend ilishawahi kudondoka kutoka kaunta ikiwa imezimwa, ikagonga sakafu na mpira wake, ikaendelea kama kawaida. Kampuni inasema imepita jaribio la kuangusha la jeshi la Marekani. Sitalirudia kwa hiari, na ikiwa inazunguka nisingethubutu hata kuisogeza. Ina kitufe cha kukopi kwa mguso mmoja, ambacho kinahitaji programu yao. Nilikibonyeza siku ya kwanza, sijakibonyeza tena. WD haina mbwembwe yoyote, na kwa kitu cha kukaa kabatini sikuhitaji.

Waya ndio unaochosha. Eksteno nyingi za diski, zangu zikiwemo, hutumia ule mdomo mpana wa bapa, na ukiwa na tabia ya kuzungusha waya na kuutupa kwenye pochi kama nilivyokuwa mimi, utalegea. Diski ikianza kupotea na kurudi, badilisha waya kwanza kabla hujaililia. Mimi nililia bure siku mbili.

Kila mwisho wa mwezi nafungua faili tano bila kuchagua, kutoka kwenye kila eksteno. Faili lisilofunguka ni jina tu.

Wiki iliyopita yule mwalimu wa kidato cha pili alirudi, anataka mtihani wa mwaka juzi aurekebishe. Nikachomeka, nikafungua sanduku, nikamchapia nakala. Dakika saba, na katika hizo mbili ni za printa kuvuta karatasi vibaya. Alipotajiwa bei akasema imepanda.

"Mwalimu," nikamwambia, "mwaka ule ulikaa hapa mpaka saa nne usiku bure."

Akatoa elfu mbili, akasubiri chenji.