Mkopo wa Bodi au hela ya nyumbani?

Kila mwaka wa masomo ukianza, mjadala huu unarudi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: usome kwa mkopo au wazazi wakulipie? Kwa gharama ya leo, Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu inashinda: ada inalipwa, bumu, yaani hela ya kujikimu, linaingia. (Linavyoishia kwenye simu mpya na chipsi kuku, hayo ni mengine.) Wengi tunaliita hela ya serikali, lakini ni deni, ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kila mwezi. Afadhali tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021, deni halivimbi kama la kaka zetu.

Hela ya nyumbani haina makato, ila biashara ya mama ikiyumba Kariakoo, mtihani unakukuta hujamaliza ada. Mwenye wazazi wa kipato cha uhakika anaweza kujilipia. Mtoto wa mama lishe ajaze fomu mapema.